Mbwa Aliyeingia Makao ya Wazee kwa Mlango wa Mbele

Katika mitaa mingi ya Nakuru, kuanzia Milimani hadi Lanet, jambo la kwanza analolisoma mgeni kabla ya kubisha hodi ni kibao kilichopigiliwa misumari langoni: "Mbwa Kali". Tumemfuga mbwa kwa kazi hiyo moja ya kubweka usiku na kumzuia mtu asiingie. Ndiyo maana bawabu wa makao ya wazee ninayoyatembelea alirudi nyuma hatua mbili siku ya kwanza aliponiona nikishuka garini na mbwa wangu Popi, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimepotea njia. Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nimezungumza na msimamizi wa makao kwa muda wa miezi miwili, nikampelekea kadi ya chanjo pamoja na barua ya daktari wa mifugo, na asubuhi hiyo tulikuwa tumealikwa. Huu ni mwaka wa tatu sasa, na kila Jumamosi ya pili na ya nne ya mwezi Popi huingia kwa mlango wa mbele kama mgeni mwingine yeyote.

Ninaandika kwa sababu ninaamini kwamba makao mengi zaidi ya wazee, hospisi zinazowatunza wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha, na wodi za wagonjwa wa muda mrefu yanapaswa kumfungulia mlango mbwa wa namna hii, na ninaamini vilevile kwamba mtu asiyeweza kurudi afadhali asianze kabisa. Kwangu haya mawili ni jambo moja.

Kwanza nieleze neno ninalotumia. Wengi humwita mbwa wa tiba, lakini mimi nimechagua kusema mbwa wa kuliwaza, kwa kuwa tiba ni ahadi ambayo Popi hawezi kuitimiza na wazee wetu wameshaahidiwa mengi mno. Yeye hafanani na mbwa aliyefunzwa kumwongoza kipofu, ambaye humtumikia mtu mmoja. Kazi yake ni kutulia, kukubali kuguswa na mikono asiyoifahamu, na kutoshtuka bakora inapoanguka sakafuni. Yeye ni mbwa wa kienyeji, mwenye rangi ya andazi lililoiva vizuri, na hakuna ukoo wa kigeni ulioandikwa popote katika karatasi zake. Nimekutana na watu wanaodhani kwamba kazi hii inahitaji mbwa wa bei kubwa. Inachohitaji ni tabia, na tabia haiuzwi pamoja na mbwa.

Wazo lenyewe limetoka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa watoto Boris Levinson wa New York alieleza jinsi mtoto aliyekuwa amejifungia ndani ya nafsi yake alivyolegea mbele ya mbwa wa daktari huyo, aliyeitwa Jingles. Mwaka 1976 muuguzi Elaine Smith alianzisha shirika la mbwa wa namna hii, Therapy Dogs International, huko New Jersey, na mwaka 1983 Uingereza nayo ikapata shirika la Pets As Therapy. Kutoka kwao nimechukua kanuni zaidi ya nilivyochukua hadithi. Miongozo iliyotolewa na wataalamu wa Marekani mwaka 2015 kuhusu wanyama hospitalini inataka mbwa awe ametimiza mwaka mmoja, awe ameishi na mwenyewe kwa angalau miezi sita, na ziara isizidi saa moja. Inakataza pia kumlisha nyama mbichi, kwa sababu ya vijidudu anavyoweza kuwapelekea watu ambao miili yao imekwisha kudhoofika. Kanuni hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji mtu mwenye subira, kipande cha sabuni na saa ya mkononi.

Hapa kwetu ipo kanuni inayozitangulia zote, nayo ni chanjo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza ni nadra sana mtu kupona. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu kufikia 2030, na kila tarehe 28 Septemba huwa ni siku ya kuukumbusha ulimwengu kuuhusu. Kwa hiyo yule bawabu aliyerudi nyuma hakuwa mshamba, na sipendi kusikia mtu akimcheka. Hofu yake ilikuwa na sababu, na wajibu wa kuiondoa ulikuwa wangu. Popi huchanjwa kila mwaka, hupewa dawa ya minyoo, husafishwa kupe, na kucha zake hukatwa siku moja kabla ya ziara, kwa kuwa ngozi ya mtu wa miaka themanini huchanika kama karatasi iliyoloa.

Kosa ambalo sitalisahau nililifanya katika ziara ya tatu. Nyanya mmoja alikuwa ameketi kibarazani, akanitazama na kutabasamu, nami nikalihesabu tabasamu lile kuwa ni ruhusa. Nikamleta Popi hadi magotini pake. Mikono yake ilikamata kiti kwa nguvu, mdomo ukatetemeka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto. Niliporudi wiki mbili baadaye nilikwenda kwake peke yangu, nikachuchumaa mbele yake na kumwambia, "Cucu, nimekuja kuomba msamaha." Alikaa kimya kitambo, kisha akanisimulia utoto wake katika shamba la mlowezi upande wa Subukia, ambako mama yake alichuma pareto. "Mwanangu, hao mbwa ndio waliokuwa wakifunguliwa baba akichelewa kazini," akasema, na hakuongeza neno.

Tangu siku hiyo simwingizi Popi popote kabla ya kuuliza. Tunasimama mlangoni, yeye amekaa kushoto kwangu, nami namwita kila mmoja kwa jina au kwa heshima anayoipenda, Guka, Kogo, Mwalimu, na kumuuliza kama leo anataka mgeni huyu amkaribie. Anayekataa amekataa, na simbembelezi. Wamo pia wazee wawili Waislamu, na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hao ninakwenda baada ya kumwacha Popi kwa mlezi na kunawa mikono. Mmoja wao huniuliza kila mara, akiwa ng'ambo ya ua, kama mbwa wangu hajambo, na nimeona kwamba salamu hiyo ya mbali nayo inampendeza.

Muda mrefu niliyachukulia maswali haya ya mlangoni kuwa ni adabu tu, utangulizi wa ziara yenyewe. Leo naona kwamba ndiyo sehemu kubwa ya ziara. Ukikaa katika makao kwa saa chache utatambua kwamba mzee huamshwa, huoshwa, hulishwa na kulazwa kwa saa zilizopangwa na watu wengine, tena mara nyingi watu wema waliochoka, mlezi mmoja akiwa na wazee wengi kuliko mikono yake. Hakuna anayemuuliza jambo ambalo jibu lake linaweza kuwa hapana. Ibara ya 57 ya Katiba yetu inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na mimi nisiye mwanasheria sijui mahali pengine pa kuanzia haki hiyo isipokuwa pale mtu anapokataa na neno lake likashika.

Na mtu anayeweza kukataa, akikubali, amekaribisha. Hapa namkumbuka mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli kwa miaka mingi, aliyepata kiharusi kikamnyima mkono wa kulia na maneno mengi. Nilimpa burashi ya Popi, akaishika kwa mkono wa kushoto. Alichana manyoya ya mgongoni taratibu, kutoka shingoni kwenda mkiani, na Popi akamwegemea mguuni kama anavyofanya akimwamini mtu. Baada ya dakika chache mzee aliunyanyua mkono wa kulia kwa msaada wa ule wa kushoto, akauweka ubavuni mwa mbwa, akauacha hapo ukipanda na kushuka kwa pumzi ya mnyama. Vidole vilikuwa vimekunjwa. Havikukunjuka siku hiyo, na sitasema kwamba vilikunjuka. Lakini aliinama, na neno la kwanza nililolisikia kutoka kinywani mwake lilikuwa swali, nalo halikuwa langu. Alimuuliza Popi, "Umekula?"

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nilidhani ninaifahamu methali hiyo mpaka siku ile. Mgeni tunayemjua katika makao haya ni yule ajaye Desemba na unga, sukari na sabuni, akapanga wazee mstari, akapiga picha na kwenda zake. Siidharau zawadi yake, kwa maana unga huo huliwa na sabuni hiyo huoshea nguo. Hata hivyo, kwa mgeni wa aina hiyo mzee hubaki mpokeaji, asiye na cha kumpa mtu. Mbwa hana zawadi mkononi. Anakuja na njaa, na kiu, na mgongo unaotaka kukunwa, naye mzee anajikuta tena mwenye nyumba, anayeuliza kama mgeni amekula.

Kwa sababu hiyo ninawasihi wanaofikiria kuianza kazi hii wajichunguze kwanza kuhusu muda wao. Mtazameni pia mbwa wenu. Akipiga miayo bila usingizi, akilamba midomo bila chakula, akigeuza uso au kuficha mkia, amechoka, nanyi ondokeni hata kama saa haijaisha. Mbwa naye ana haki ya kukataa. Na kwa wasimamizi wa makao, ombi langu ni kwamba msitufungulie kwa huruma tu. Daini kadi ya chanjo, muone mbwa huyo akiwa uani kwa siku mbili tatu kabla ya kumwingiza, andikeni ni nani asiyetaka, ni nani mwenye mzio au kidonda kibichi, na pawepo maji na sabuni kabla na baada ya kila mkono. Mgeni anayeudhika kwa masharti hayo hafai kuingia.

Mwezi Aprili mwaka jana mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, njia ya kutoka kwetu ikajaa maji, na Jumamosi yetu ikapita bila sisi kufika. Nilipiga simu ofisini, lakini ujumbe haukuwafikia wazee. Tulipokwenda Jumamosi iliyofuata ya zamu yetu, mzee wa reli alikuwa tayari kwenye kiti chake karibu na mlango. Kabla sijafungua kinywa aliingiza mkono wa kushoto katika mfuko wa koti, akatoa leso iliyofungwa fundo, akaniashiria nilifungue. Ndani palikuwa na nusu ya silesi ya mkate wa chai, imekauka kama ubao, na kuvu ya kijani pembeni. Mlezi aliniambia kwamba alikuwa ameuweka tangu ile Jumamosi ya mvua na kwamba hakukubali mtu yeyote autupe.

Sikuweza kumpa Popi mkate ule. Nilichukua chakula chake kikavu kutoka mfukoni mwangu, nikakiweka ndani ya leso ileile, nikamrudishia mzee, naye akampa mgeni wake punje mojamoja mpaka zikaisha. Sasa mimi hubeba mfuko mdogo wa chakula hicho na kumkabidhi mzee mwenyewe akae nao hadi tutakaporudi. Na jioni ya kila Ijumaa ya zamu yetu huwa ninampigia simu mlezi wa zamu, siyo ofisi, nikamwomba ampelekee mzee simu sikioni ili nimwambie mimi mwenyewe kama kesho tunakuja.