Mvamizi wa bandarini na mtama wa Bahi

Mwambie mkulima wa mtama wa Bahi kwamba serikali itenge fedha za kumchunguza mnyama anayeota kwenye nguzo za bandari, atakuuliza kwelea kwelea wameisha lini. Ana haki ya kuuliza. Bajeti ya kilimo na ya uvuvi zote hupitishwa hapahapa Dodoma, na shilingi iliyokwenda baharini hainunui sumu ya ndege waharibifu.

Mnyama mwenyewe ni Didemnum vexillum, asidia (mnyama laini wa baharini anayejishikiza kwenye vitu majini) anayeishi kwa makundi. Mmoja mmoja ana urefu wa milimita moja hivi, lakini hushikamana maelfu kwa maelfu wakawa utando mmoja wa manjano hafifu, unaoteleza, unaoning'inia kwenye kamba na minyororo kama nta ya mshumaa iliyoyeyuka. Kipande kikikatika huweza kuanzisha kundi jipya, hivyo anayekwangua ovyo huwa anapanda mbegu. Asili yake inaaminika kuwa Japani. Katika Georges Bank, nje ya pwani ya mashariki ya Marekani, utando wake ulishafunika zaidi ya kilomita za mraba 200 za sakafu ya bahari.

Wanaotaka apigwe vita mapema wanataja New Zealand, alikoonekana mwaka 2001, kisha akabebwa na tishari hadi Marlborough Sounds, eneo la mashamba ya kome. Nguzo zilifungwa plastiki ili kumuua, fedha zikamwagika, na ilipofika 2008 juhudi zikaachwa. Wales nako, katika bandari ya Holyhead, alisafishwa akarudi. Watetezi wa kazi ile husema hata kumchelewesha kulikuwa na faida, kwa kuwa jirani pale, Menai Strait, kuna mashamba makubwa ya kome. Hoja hiyo ina uzito, ila ni ghali.

Wapinzani nao wana ushahidi. Majaribio ya New Zealand yalionyesha kwamba walioumia hasa ni kome wadogo. Wakubwa hawakutikisika sana. Chini ya utando wa Georges Bank, baadhi ya minyoo iliongezeka. Ni kweli, lakini kipimo cha afya ya kome hakihesabu saa za kibarua anayesafisha kamba, na mimi hapo nasita kuwafuata.

Kwetu, huyu hasa si wa kutukosesha usingizi. Ni wa bahari zenye ubaridi, na Bahari ya Hindi ya Tanga au Mtwara ni ya joto. Maji yasiyo na chumvi ya mito na mabwawa nayo humuua, kwa hiyo wavuvi wa Mtera na Hombolo walale salama. Ila asidia wa maji ya joto wapo, na kamba za mwani za Zanzibar ni mahali pa kujishikiza kama kamba nyingine yoyote.

Tusikimbilie kusema kila mgeni ni adui. Mbegu ya mwani wa biashara ililetwa kutoka Ufilipino mwaka 1989, ikawapa kipato maelfu ya wanawake. Kunguru weusi nao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wale takataka. Leo wanatamba hadi Dodoma, na gharama ya kuwapunguza inaongezeka kila mwaka unaopita bila kuchukuliwa hatua.

Kwa hiyo simuungi mkono anayetaka mfuko mkubwa wa kupambana na viumbe vya baharini wakati mtama unaliwa. Naunga mkono fedha ndogo za kutazama. Mkataba wa kimataifa wa maji ya balasti, yale ambayo meli hubeba ili isiyumbe, ulioanza kutumika 2017 hausaidii sana hapa, kwani kiluwiluwi wa asidia huogelea kwa saa chache tu. Anayesafiri mbali ni yule aliyeganda chini ya meli, hasa zile za mwendo wa polepole na zilizokaa muda mrefu bandarini. Vibao vya plastiki vikitundikwa majini kwenye gati za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wakavivuta kila baada ya miezi michache na kutazama kilichoota, gharama yake ni kamba, boti na mtaalamu anayewajua asidia kwa majina. Huyo wa mwisho ndiye wa kuanza kumsomesha.