Matt Bloomfield hakufeli, sisi ndo tunapima vibaya

Wycombe Wanderers, klabu ya ligi za chini Uingereza, wengi wetu tunaijua kupitia mikeka tu. Jumamosi jioni mtu anajaza zake pale, Wycombe ashinde nyumbani, Accrington magoli yazidi mawili, alafu usiku anacheki kama umetiki au umechanika, basi, wale waliokimbia dakika 90 kwenye hiyo mechi hana habari nao kabisa. Na ukijaribu kumwambia kwamba League One na League Two, yaani daraja la tatu na la nne huko Uingereza, kuna wachezaji wa maana anakujibu fasta, wale si waliofeli bana, wangekuwa na kitu si wangekuwa Premier League. Hii kauli nimeichoka. Kuna mtu anaitwa Matt Bloomfield, kiungo, aliingia Wycombe Desemba 2003 akatundika daluga mapema 2022 akiwa hapohapo, mechi zaidi ya 550 kwa klabu moja, na Premier League hajaicheza hata dakika moja. Mimi nasema huyo kafanikiwa, na sisemi kwa kumuonea huruma.

Kazaliwa 1984, kwao Felixstowe, mji wa bandari huko Suffolk, ndo bandari inayoongoza Uingereza kwa makontena. Klabu kubwa ya jirani ni Ipswich Town kwahiyo akademi akapita hapo. Sasa Ipswich ya kipindi kile ilikuwa na mambo yake, 2001 wamemaliza wa tano Premier League, 2002 wakashuka, 2003 hali ya pesa ikawa mbaya mpaka klabu ikawekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya madeni. Kijana wa miaka 19 kwenye timu iliyopita hayo yote nafasi anaipatia wapi? Tony Adams, yule beki na kapteni wa zamani wa Arsenal, alikuwa ndo kwanza kapewa ukocha Wycombe, akamchukua dogo. Na msimu wake wa kwanza tu pale, timu ikaburuza mkia na kushuka daraja.

Hapo ndo naanza kumuelewa huyu jamaa, maana angalia alichopitia baada ya hapo. Wameshuka 2004. Wamepanda 2009, tena kwa tofauti ya goli moja, walilingana pointi na Bury wakaizidi kwa goli moja tu msimu mzima. 2010 wakashuka tena. 2011 wakapanda. 2012 wakashuka. 2018 wakapanda. 2020 wakapanda mpaka Championship, daraja la pili, 2021 wakashuka. Hesabu mwenyewe, kupanda mara nne na kushuka mara nne, mtu mmoja, klabu moja. Katikati hapo kuna Januari 2007 ambapo Wycombe ikiwa League Two kabisa ilifika nusu fainali ya Kombe la Ligi baada ya kuwatoa Fulham na Charlton, zote za Premier League wakati ule, wakatoka sare ya 1-1 na Chelsea ya Mourinho pale kwao Adams Park kabla ya kupigwa nne Stamford Bridge. Mchezaji wa timu kubwa anaweza akamaliza maisha yake yote ya mpira bila kujua kushuka daraja kunaumaje. Bloomfield kashuka mara nne na kila mara kesho yake karudi mazoezini palepale.

Lakini siku ambayo mimi nikiifikiria bado mwili unasisimka ni tarehe 3 Mei 2014. Mechi ya mwisho ya League Two, Wycombe wa 23 kati ya timu 24, na wawili wa chini wanatoka kabisa kwenye EFL, yaani zile ligi tatu za kulipwa zilizo chini ya Premier League. Kutoka pale sio kama kushuka kutoka Championship kwenda League One, ukitoka pale mgao wa hela unapukutika, watu wa ofisini wanaanza kupunguzwa, vijana wa akademi hawajui kesho yao, na kurudi ni kazi nzito, kuna klabu zimetoka mpaka leo hazijarudi. Wycombe iliingia ligi mwaka 1993 chini ya Martin O'Neill, na sasa miaka 21 ya jasho inaning'inia kwenye mchana mmoja. Walikuwa ugenini Torquay, ilibidi washinde, alafu wakati huohuo waombe Northampton au Bristol Rovers wafungwe, Rovers wakiwa nyumbani kwao na Mansfield, na sare tu ilikuwa inawatosha. Nani angeweka hela yake hapo? Wycombe wakashinda 3-0, Rovers wakalala 1-0, pointi zikalingana 50 kwa 50, Wycombe wakabaki kwa tofauti ya magoli. Rovers waliokuwa kwenye ligi tangu 1920 ndo wakaenda na maji. Bloomfield alikuwa ameshamaliza miaka kumi Wycombe kufikia siku ile, umri miaka 30. Angekuwa mtu wa kutafuta maisha mepesi angekuwa ameshaondoka zamani.

Alafu mwaka uliofuata tu, 2015, timu hiyohiyo iko Wembley kwenye fainali ya pleiofu, ile michujo ya kugombea nafasi ya mwisho ya kupanda daraja, dhidi ya Southend, wanaongoza 1-0 mpaka dakika za nyongeza za muda wa ziada, filimbi inakaribia, Southend wakasawazisha. Wakatolewa kwa penalti 7-6. Mimi nimeshuhudia watu wakiacha kushabikia timu kwa machungu madogo zaidi ya hayo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kiungo wa ligi za chini Uingereza hachezi mpira ule tunaouona kwenye klipu. Uwanja mzito Januari, mvua ya kuchoma, mechi Jumamosi alafu Jumanne usiku tena, msimu una mechi 46 za ligi tu kabla hujaweka makombe. Miaka ya mwisho ya Bloomfield pale Wycombe ilikuwa na yule bonge Adebayo Akinfenwa, waliocheza FIFA wanamjua, yule mwenye nguvu kuliko wote kwenye gemu. Mpira mrefu unapigwa kwake, mabeki wawili wanamdandia, yeye anauzuia kwa kifua. Kamera inamfuata yeye. Lakini mpira ukidondoka pale kuna mtu lazima awe ameshafika, na akichelewa hatua mbili shambulizi linageuka, ndo kazi ya kiungo hiyo, kuwahi mpira wa pili, na ukiukosa unageuka mbio mita arobaini kurudi kuziba. Fanya hivyo mara ishirini kwenye mechi moja, alafu zidisha kwa miaka 18. Kwenye takwimu haionekani vizuri, magoli kiduchu na asisti kiduchu, na ndo maana watu wa kuangalia namba tu wanampita bila kumuona.

Malipo ya uvumilivu wake yalikuja 2020 na hata hayo yalikuja kwa njia ya ajabu. Korona ikasimamisha ligi Machi, Wycombe wakiwa wa nane, lakini EFL ikaamua kupanga msimamo kwa wastani wa pointi kwa mechi na Wycombe wakaruka mpaka wa tatu kwa sababu walikuwa na mechi mkononi. Kuna watu wanasema walibebwa, mimi siwaelewi kabisa, kwani pleiofu si walicheza? Fleetwood walipigwa 4-1 kwao kabla ya sare ya 2-2 marudiano, alafu tarehe 13 Julai Oxford akafa 2-1 Wembley, penalti ya Joe Jacobson ndo iliyomaliza. Uwanja mtupu, hakuna shabiki hata mmoja, na hilo kweli linasikitisha, watu waliokaa na timu tangu siku za ligi za ridhaa waliiona kwenye runinga. Ila Wycombe ikawa Championship kwa mara ya kwanza kwenye historia yake, na mtu aliyeingia mlangoni kijana wa miaka 19 alikuwa bado yumo akiwa na 36. Mwaka uliofuata wakashuka kwa pointi moja tu nyuma ya Derby, siku ambayo wenyewe walishinda 3-0 Middlesbrough.

Mtu atasema kukaa sehemu moja ni uoga. Hapana. Ligi za chini mikataba ni mifupi, mwaka mmoja au miwili, inaisha tarehe 30 Juni, na kila Mei klabu inatoa orodha ya wanaobaki na wanaoachwa. Ukiona mtu kabaki miaka 18 jua kwamba majina mengi yamekatwa na la kwake likabaki, chini ya makocha tofauti wenye mifumo tofauti. Wengi maisha yao ni ya kuhamahama. Mfano tunaye wa kwetu, Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, kapita akademi ya Leicester kisha Burton, Mansfield, Solihull Moors, Blackpool, Wrexham na kwingine, na 2019 alikuwa na Taifa Stars AFCON kule Misri. Kila uhamisho hapo ni nyumba mpya, mji mpya, kocha anayekuangalia upya kama hajawahi kukusikia. Na yeye nasikia watu wakimkejeli kwamba katangatanga. Kwahiyo anayekaa ni muoga na anayehama ni mzururaji, sasa wafanyeje?

Kilichonisikitisha ni mwisho wake. Hakuachwa na klabu wala miguu haikugoma, ni kichwa. Alipata mtikisiko wa ubongo, na mapema 2022 akalazimika kustaafu akiwa na miaka 38. Huku kwetu mchezaji akigongwa kichwa anamwagiwa maji, anasimama, tunampigia makofi kwamba mwanaume huyo. Naomba tuache. Mtu aliyecheza mechi zaidi ya 550 kaambiwa kichwa hakiruhusu na akasikiliza, makocha wetu wa mchangani hilo wangelichukua kabla ya mbinu yoyote ya kushambulia.

Baada ya hapo ukocha, Colchester Septemba 2022, na miezi mitano tu baadaye kocha wa Wycombe Gareth Ainsworth alipokwenda QPR, Wycombe wakamuita Bloomfield nyumbani. 2024 akawafikisha Wembley fainali ya EFL Trophy, kombe la ligi za chini, wakafungwa 2-1 na Peterborough. Januari 2025 alipoondoka kwenda Luton aliiacha Wycombe ya pili League One. Luton mambo yakakataa, timu ikashuka kutoka Championship, na Oktoba 2025 akafukuzwa. Nikaona watu wanaandika si mlisema ni mzuri, mara hana jipya. Ukocha wa Luton ujadiliwe kama ukocha wa Luton, alikosea wapi na timu aliikuta vipi, ni haki kabisa kuuliza, alichukua timu iliyokuwa inaporomoka na akashindwa kuizuia. Ila usiutumie kufuta ile miaka 18.

Premier League ina timu 20. Chini yake EFL ina timu 72. Maana yake wachezaji wengi wa kulipwa Uingereza wako huko chini, wamepita mchujo uliowaacha nje vijana chungu nzima waliokuwa nao akademi. Ukiwaita wote waliofeli umebaki na watu mia chache tu waliofaulu nchi nzima iliyoanzisha ligi ya mpira. Wachambuzi wetu wa redioni wana masaa mawili kila jioni, dakika kumi za kuwaongelea watu kama Bloomfield, wanacheza vipi, wanaishi vipi, wamedumu vipi, zipo. Wanaojaza mikeka kila wiki kwa majina ya hizo klabu wangesikiliza, mimi wa kwanza.