Chupa Moja ya Chanjo, Kuku Kumi na Wawili

Katika kundi la wafugaji ambalo nimo kwenye simu, mama mmoja aliandika juzi kwamba kuku wake wa kienyeji wamekufa wanne kwa siku mbili, waliobaki wamezubaa na kuvimba macho, wanaharisha kijani, na wawili kati yao shingo zimepinda. Kabla ya jioni alikuwa ameshapewa kila aina ya ushauri. Mmoja alimwambia akoroge unga wa njano wa oksitetrasaiklini, ambayo ni antibiotiki, kwenye maji ya kunywa, mwingine akamwelekeza shubiri na pilipili kichaa zilizotwangwa pamoja, na wa tatu akamshauri asage vidonge vya antibiotiki vya binadamu avichanganye na pumba. Nilisoma ujumbe wote mpaka mwisho nikitafuta mtu mmoja tu wa kumuuliza kama kuku hao waliwahi kuchanjwa, na sikumwona.

Jambo hilo limeniuma, kwa sababu dalili alizozieleza ni za kideri, au mdondo kama wengine wetu tunavyouita, na kideri husababishwa na kirusi. Antibiotiki hupambana na bakteria. Kirusi cha kideri hakiguswi na unga wa njano, wala wa bluu, wala sindano yoyote inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo. Kuku ambao hawajachanjwa wanaweza kufa wote, banda likabaki tupu ndani ya wiki moja. Pale wanapobaki wawili au watatu, wamebaki kwa nguvu za miili yao au kwa bahati, lakini sifa inapewa dawa iliyokuwa kwenye maji siku hiyo, na msimu unaofuata jirani naye anakwenda kununua dawa ile ile. (Mafua makali ya ndege nayo huweza kuonyesha dalili zinazofanana na hizi, na hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kumpigia simu afisa mifugo kabla mtu hajachukua kisu.)

Nakubali kwamba antibiotiki ina nafasi yake. Kuku aliyedhoofishwa na kirusi huweza kushambuliwa pia na bakteria, na yako magonjwa mengine, kama homa ya matumbo ya kuku, ambayo kweli yanahitaji dawa hizo baada ya mtaalamu kuyathibitisha. Nakubali pia kwamba muuza duka si adui wa mfugaji, kwani mara nyingi ndiye mshauri pekee anayepatikana, wakati afisa mifugo mmoja anahudumia vijiji kadhaa na pikipiki yake haina mafuta. Lakini kumwagia kuku antibiotiki kwa ugonjwa ambao dawa hiyo haiuwezi kuna gharama inayotufikia sisi wenyewe mezani. Mabaki ya dawa huingia katika mayai na nyama, ndiyo maana pakiti huandikwa siku za kusubiri kabla ya kula au kuuza, na ni wachache mno wanaozisoma. Bakteria nao hujifunza kuishi na dawa. Marekani iliondoa antibiotiki iitwayo enrofloksasini katika ufugaji wa kuku mwaka 2005 kwa sababu hiyo ya usugu, na Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006. Sisi bado tunazikoroga kwa kijiko cha kukadiria.

Hata hivyo, sitaki kuishia katika kuwalaumu wafugaji, kwa sababu kiini cha tatizo kimo katika chupa yenyewe ya chanjo.

Chupa ya chanjo ya kideri huwa na dozi 100, au 200, au zaidi. Mama wa kijijini ana mitetea mitano, jogoo mmoja na vifaranga sita. Ukimwambia aende mjini anunue chupa ya dozi 200 kwa ajili ya kuku kumi na wawili, unamwambia anunue asichokihitaji, alipe nauli, kisha amwage karibu chupa nzima, maana chanjo ikishafunguliwa na kuchanganywa haiwekwi kabatini kusubiri mwezi ujao. Bei ya tone moja kwa kuku mmoja haifikii bei ya yai moja. Chanjo ni rahisi kwa kuku na ni ghali kwa kaya, na tofauti hiyo ndiyo inayoua kuku wa vijijini mwaka baada ya mwaka, huku maofisa wakiandika katika taarifa zao kwamba wananchi hawana mwamko. Mwamko wanao. Mtu anayetoa fedha yake ya mwisho kununua unga wa njano usiku wa manane anawajali kuku wake. Anachokosa ni mtu wa kufungua chupa ile asubuhi moja na kupita nyumba kwa nyumba mpaka dozi zote zitumike.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kazi ngumu ya kisayansi ilikwisha kufanywa zamani. Tatizo la awali la chanjo za kideri lilikuwa baridi: kirusi cha chanjo kilikufa njiani kwa joto, na kijiji kisicho na friji hakikuweza kufikiwa. Katika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, Peter Spradbrow na wenzake walitafuta aina za kirusi kipole zinazostahimili joto, wakapata ile inayoitwa I-2, na mbegu yake ikatolewa kwa nchi zinazoendelea ili zitengeneze chanjo katika maabara zao. Chanjo ya I-2 iliyokaushwa vizuri na kuwekwa gizani hudumu wiki nane katika joto la nyuzi 28. Maabara ya Serikali ya mifugo iliyoko Temeke, Dar es Salaam, ikaanza kuitengeneza hapa hapa Tanzania. Tone moja katika jicho moja linatosha, kipimo kikiwa kile kile kwa kifaranga na kwa jogoo, bila sindano wala daktari. Mwanakijiji aliyefundishwa vizuri anaiweza kazi hiyo. Anachotakiwa kujua ni kutumia maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yasiyotiwa klorini, kwa sababu klorini huua kirusi cha chanjo. Kushika kuku kwa upole na kusubiri tone lisambae jichoni kabla ya kumwachia. Na kuikinga chupa na jua kwa kuibeba katika kitambaa kilicholoweshwa.

Kinga ya tone hilo hudumu takriban miezi minne. Kwa hiyo kijiji kinahitaji raundi tatu kwa mwaka, kwa mfano Januari, Mei na Septemba, zikiwa na tarehe inayojulikana kama inavyojulikana siku ya kliniki ya watoto. Vifaranga walioanguliwa katikati ya raundi watabaki wazi mpaka raundi inayofuata na baadhi yao watakufa, sitalificha hilo. Lakini raundi tatu zenye uhakika zinawaacha mitetea wazazi wakiwa hai, na mtetea akiwa hai vifaranga wengine watakuja.

Serikali ilipozindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo mwaka 2025 huko Bariadi, kuku waliwekwa humo na chanjo yao ikatangazwa kuwa ni bure. Nililifurahia jambo hilo na bado nalifurahia, maana kwa miaka mingi mtu akisema mifugo alikuwa akimaanisha ng'ombe, na kuku wa mama wakabaki nje ya mahesabu ingawa ndio wanaonunua daftari na kulipa nauli ya hospitali. Lakini chanjo ya tone inayokaa miezi minne haiwezi kumlinda kuku mwaka mzima kwa ziara moja ya kampeni. Magari yakishaondoka, lazima abaki kijijini mtu mwenye chupa, kitone na ratiba.

Muda nao una uzito wake. Chanjo inahitaji wiki moja hadi mbili ili mwili wa kuku ujenge kinga. Wengi wetu huitafuta tukishasikia kwamba kuku wa kitongoji cha pili wameanza kudondoka, tunawachanja kuku ambao tayari wana kirusi mwilini, wanakufa, kisha tunasema ni chanjo iliyowaua. Maneno hayo yakishatoka huharibu raundi mbili zinazofuata, kwa hiyo ninawasihi wachanjaji wasikubali kuchanja banda lenye wagonjwa hata wakibembelezwa, na wamweleze mwenye kuku sababu kwa uvumilivu.

Kuna tabia moja ambayo lazima tuiache, nayo ni kuwapakia kuku kwenye tenga na kuwakimbiza mnadani mara tu wa kwanza anapokufa. Naelewa kinachomsukuma mtu kufanya hivyo, kwa sababu anajaribu kuokoa japo nauli. Lakini kirusi husafiri na tenga hilo, na kinyesi kilichoganda miguuni, na manyoya yanayotupwa nyuma ya kibanda cha chipsi, na aliyenunua jogoo mzuri kwa bei ya chini anafika kwake akiwa amebeba msiba wa kitongoji kizima. Waliokufa wachomwe au wafukiwe shimo refu ambalo mbwa hawalifikii.

Njiwa wa watoto na kanga wa babu nao wahesabiwe, kwani kideri hakichagui kuku peke yake. Bata huweza kukibeba bila kuonekana mgonjwa. Anayedhani kwamba huu ni ugonjwa wa vijiji maskini akumbuke kusini mwa California mwaka 1971, ambako kirusi kiliingia na kasuku walioagizwa kutoka nje, na ndege wapatao milioni 12 wakateketezwa kabla ugonjwa haujadhibitiwa.

Kuhusu lishe, ambayo kundini huzungumzwa kuliko chanjo, nitasema machache. Mchicha, dagaa na pumba nzuri humpa kuku mwili wenye uwezo wa kujenga kinga baada ya kuchanjwa, lakini hakuna chakula kinachokizuia kirusi cha kideri kumwingia kuku asiyechanjwa. Naomba pia tuache kuyaita mahindi yenye ukungu "mahindi ya kuku". Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 haigeuki kuwa chakula kwa sababu imemwagwa uani. Inaliumiza ini la kuku, inapunguza uwezo wa mwili wake kujikinga, na hivyo inaweza kuifanya hata chanjo iliyotolewa vizuri ishindwe kufanya kazi yake.

Ninachokiomba halmashauri zetu wanaweza kukianza bila kusubiri mradi wa wafadhili. Kila kijiji kichague wachanjaji wawili, na angalau mmoja wao awe mwanamke, kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa, mwenye nyumba anayekutwa jikoni ni mama. Wafundishwe, wapewe daftari la kaya na idadi ya kuku, na kila kaya ilipe kwa kuku aliyechanjwa badala ya kununua chupa. Ada hiyo inunue chupa ya raundi inayofuata na imlipe mchanjaji jasho lake, kwa maana kazi ya kujitolea bila malipo huishia raundi ya pili. Tarehe zitangazwe msikitini, kanisani na kwenye mkutano wa kijiji wiki mbili kabla, watu wasiwaachie kuku alfajiri hiyo. Na maduka ya dawa yaruhusiwe kuwa kituo cha kukusanyia majina: akija mtu kuulizia dawa ya kideri, aandikwe katika orodha ya raundi ijayo na aelezwe wazi kwamba kwa kuku walioanza kuugua leo hakuna cha kumuuzia zaidi ya kuwatenga, kuwapa maji safi na kusafisha banda.