Kihisi cha Ngozi Kinasikia Mapigo, na Kinasikia Mengine Pia

Bonyeza kidole taratibu kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, utausikia mshipa ukigonga. Kila pigo huivuta ngozi ya pale kidogo sana, chini ya asilimia 1. Chipu ngumu haiwezi kuufuata mvutiko huo. Kinachoweza ni kihisi cha ngozi, yaani utando mwembamba wa polima laini, kama mpira wa silikoni, uliotiwa chembe za fedha au dhahabu zenye upana wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita).

Uwezo wake wote umo kwenye mapengo. Chembe hizo hazigusani zote, kwa hiyo elektroni hulazimika kuruka kutoka moja hadi nyingine. Ngozi ikivutika, pengo hutanuka, na hata likitanuka kwa sehemu ndogo ya nanomita, kuvuka kunakuwa kugumu maradufu na zaidi. Ukinzani wa umeme hupanda ghafla. Vipimo vya zamani vya ukanda wa metali vina usikivu wa takriban 2, yaani vikivutwa kwa asilimia 1, ukinzani hubadilika kwa asilimia 2 hivi. Hivi vya chembe hufika makumi. Nakiri kwamba hapo mtu ana haki ya kufurahi.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana: utando huu hautumii mwanga. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba vipimo vya oksijeni vya kidoleni, vinavyotegemea mwanga, vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kihisi cha mvutiko hakipimi oksijeni, lakini katika kuhesabu mapigo rangi ya ngozi haikisumbui.

Tatizo ni kwamba pengo halijui nani amelitanua. Mwili ukipata joto, polima hutanuka na chembe huachana, na namba inayotoka haina tofauti na ya ngozi iliyovutwa. Jasho likipenya, utando unaweza kuvimba. Ukinyoosha mkono kisha ukaulegeza, polima hairudi mara moja ilikokuwa. Fedha nayo huingiwa na kutu nyeusi ikikutana na salfa. Kwa hiyo usikivu tunaousifu ndio huohuo unaoingiza makosa.

Ndiyo maana natenganisha kazi mbili. Kuhesabu mapigo na kugundua mdundo uliovurugika hutegemea wakati, si ukubwa wa ishara, na hapo nakiamini kihisi hiki. Kutoa namba ya shinikizo la damu ni jambo jingine. Namba ikipotoka kidogo kidogo usiku kucha, daktari anaweza kubadilisha dozi ya mgonjwa ambaye presha yake haijabadilika hata kidogo.

Kupinda utando mara maelfu kwenye mashine kavu ya maabara hakunitoshi. Nataka kuona usomaji wa siku ya tatu, kwenye mkono unaotoka jasho, ukilinganishwa na kipimo cha presha cha kufunga mkononi. Na pembeni ya utando unaovutwa kiwekwe kipande cha pili cha mchanganyiko uleule, kisichovutwa, kinachohisi joto tu, ili joto hilo litolewe kwenye hesabu.