"Nionyeshe": kwa nini kamera ya mkanda imerudi kabatini

Mama aliyenifanya niirudishe kamera ya mkanda, ile ya filamu, kabatini nikashika ya dijitali anauza viazi soko la Mwanjelwa, Mbeya, na hadi leo hajui kwamba ni yeye.

Ilikuwa Juni, saa moja na nusu asubuhi, ule wakati ambao ukungu wa mlima Loleza bado umekalia mapaa na kila mtu sokoni amejikunyata. Alikuwa amevaa koti zito la mtumba, juu yake kajifunga kitenge, amekalia ndoo iliyopinduliwa kando ya magunia ya lumbesa. Nikamwamkia, nikanunua sado moja, tukailalamikia baridi kidogo, kisha nikaomba kumpiga picha. "Piga tu, mwanangu." Nikapiga tatu. Kamera yangu, Pentax K1000, ina kishindo chake, hata wauza nyanya wa pembeni wakageuka. Mama akanyoosha mkono: "Haya, nionyeshe."

Nikaigeuza kamera. Mgongo wake ni ngozi nyeusi ya bandia, basi. Nikamweleza kwamba hii ni ya mkanda, lazima ikasafishwe kwanza, kama zile za zamani. "Mpaka lini?" Wiki tatu hivi, mama. Akacheka na wenzake kwa Kinyakyusa, halafu akanirudia kwa Kiswahili: "Kwa hiyo wewe unaondoka na sura yangu, mimi nabaki na maneno yako."

Wiki tatu zikawa tano. Mikanda ya rangi naituma Dar kwa basi, kama kifurushi, nikingoja isafishwe na kuskaniwa. Dawa za rangi zinataka joto la nyuzi 38, na halitakiwi kuyumba. Nyumbani kwangu, Juni, maji ya bomba yenyewe yanang'ata vidole. Nyeusi na nyeupe nasafisha mwenyewe bafuni, maana hiyo inaridhika na nyuzi 20, na beseni moja la maji ya moto la kuchovyea chupa ya dawa linatosha. Lakini siku ile nilikuwa na mkanda wa rangi. Uliporudi, picha ya kwanza fokasi ilikuwa imeangukia sado badala ya uso. Ya pili kapita kijana na gunia begani. Ya tatu nzuri, ila kafumba macho. Nikampelekea zote nikiwa nimezichapisha. Akazitazama kwa upole wa mtu anayesoma ripoti ya mtoto wa jirani, akasema: "Sado imetoka vizuri."

Nayasimulia haya kwa sababu vijana wengi wa hapa mjini wanaoanza kupiga picha za mtaani wananiuliza wanunue ipi, na wengi wanakuja tayari wameshaamua. Mkanda ndiyo sanaa, dijitali ni ya harusi na kipaimara. Nawaelewa. Nami nilikuwa hapo miaka miwili. Kamera yangu ilikuwa ya baba mdogo, na pamoja nayo nilirithi boksi la viatu lililojaa negativu, yaani vipande vya mikanda iliyosafishwa, nyingine za Mwanjelwa kabla soko halijaungua mwaka 2006. Ukishika kipande kimoja ukakielekeza dirishani, unaliona soko la zamani kwa macho yako mwenyewe, bila umeme, bila programu, bila nywila. Mimi nina diski ya picha zangu za mwanzo za dijitali ambayo kompyuta yoyote ukiiwekea inakoroma tu kisha inaitema. Kwa kutunza, mkanda umeshinda.

Umeshinda pia kwenye jua letu, na hili wanaopiga picha Dar hawalipati sawasawa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukungu ukipasuka kwenye saa nne, mwanga unashuka mkali ghafla, na sokoni kila kibanda kina turubai. Mtu amekaa kwenye kivuli kizito, nyuma yake barabara inawaka. Negativu unaipa mwanga wa ziada wa kumtosha aliye kivulini, na mbingu bado inabaki na mawingu yake. Dijitali haina huruma hiyo: sehemu nyeupe ikishaungua imeungua, hakuna programu itakayoirudisha. Inabidi uchague, uso au mbingu.

Mimi nachagua uso. Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe, ikiona mbingu nyeupe nyuma ya mtu mweusi inapunguza mwanga, na mama wa watu anatoka kama kivuli chenye meno. Wala kosa hili halikuanza na dijitali. Kwa miaka mingi maabara za Marekani zilipima rangi za picha kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, wenyewe waliziita kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo ilikuwa "kawaida". Mtafiti Lorna Roth ameandika kwamba malalamiko yaliyoisukuma kampuni ya Kodak kurekebisha filamu zake yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka kahawia zao zionekane. Chokoleti ilisikilizwa kabla yetu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasifia "rangi za zamani za mkanda", muulize zilikuwa rangi za nani. Kwenye dijitali nageuza kidude kimoja, naongeza mwanga hatua moja, natazama kioo, nahakikisha weusi wa mtu una uhai. Rangi ya samawati ya turubai, ambayo humfanya kila muuza mchicha aonekane mgonjwa, naiondoa jioni nikiwa nakunywa chai. Mkanda wa rangi umetengenezwa kwa mwanga wa jua, nao samawati hiyo unaimeza yote; utaipunguza kwenye skani, haiishi.

Pesa nisizirefushe. Ukijumlisha kununua mkanda, basi, kusafisha na kuskani, kila unapobonyeza umekunywa chai na chapati mbili za mama ntilie. Una picha 36. Wapo wanaosema hiyo ndiyo faida, kwamba uhaba unakufundisha kufikiri kabla ya kupiga. Kweli, unafikiri. Unafikiria pesa. Pale Kabwe, hapahapa Mbeya, nimewahi kumwona konda ananing'inia mlangoni kwa vidole viwili, noti kaziweka mdomoni, nikasita kwa sababu zilikuwa zimebaki picha nne na mwisho wa mwezi uko mbali. Daladala ikaondoka. Kamera ya kwanza ya dijitali, ile aliyoiunda mhandisi Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975, ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Mimi na mkanda wangu tulikuwa wazito kuliko hiyo.

Lakini ningevumilia gharama. Ningevumilia hata basi. Kilichonishinda ni yale maneno ya mama wa viazi.

Sehemu kubwa ya mafundisho ya picha za mtaani tumeyapokea kutoka miji ambayo watu wanapishana bila kusalimiana. Usiombe, usijitambulishe, piga, endelea kutembea. Garry Winogrand, mpiga picha wa mtaani wa New York, alipofariki mwaka 1984 aliacha mikanda kama 2,500 ambayo haijasafishwa hata kidogo. Wapiga picha wanaisimulia habari hiyo kwa heshima, kama hadithi ya mtu aliyependa kazi yake kupita kiasi. Mimi nikiipigia hesabu kwa picha 36 napata sura na matukio kama 90,000 ambayo yeye mwenyewe hakuyaona, sembuse waliopigwa. Kule huenda hakuna aliyegeuka kumuuliza. Sokoni kwetu ukimpita mtu mzima bila shikamoo umeshamkosea, na juu ya hapo ukimpiga picha umemkosea mara mbili. Ataitaka haki yake palepale: "Unanipeleka wapi? Mtandaoni? Nionyeshe."

Hilo "nionyeshe" walimu wa picha za mtaani wanaliona usumbufu. Wanasema kioo cha nyuma cha dijitali ni ugonjwa, unakodoa macho kwenye picha iliyopita huku inayofuata inakupita. Kuna ukweli ndani yake. Mimi mwenyewe nimeshamkosa mpiga debe akiruka mtaro kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa nachungulia. Ila kioo hicho kina watazamaji wawili. Ukikigeuza upande wa pili, yule aliyepigwa anapata kitu ambacho mkanda hauwezi kumpa: nafasi ya kusema hapana wakati "hapana" yake bado ina maana.

Mwaka jana pale Mafiati nilimpiga picha kijana wa bajaji akiwa amelala, miguu juu ya usukani. Aliamka na sauti ya shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kujifunga, mkali kweli. Nikamwonyesha. Akaitazama, akasema futa, nikafuta mbele yake. Akataka ahakikishe haikubaki kokote, nikampa kamera aibonyeze mwenyewe. Basi hasira ikaisha. Akajipangusa uso, akavaa kofia, akarudisha miguu juu ya usukani vilevile na kuniambia, "Sasa piga." Picha ya pili ni bora kuliko ya kwanza kwa mbali, ana jicho moja wazi, la mtu anayejifanya kalala. Kwa mkanda ningemwambia nini? Nifungue mgongo wa kamera, nimwagie mwanga picha zote 36 za watu wengine, au nimwahidi kwa mdomo kwamba nitaitupa?

Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na si vibaya mpiga picha akaisoma. Mwanjelwa ilikuwa na sheria yake kabla ya hapo. Kwa mtoto, mwombe mzazi. Kwa mzee, mwamkie kwanza. Kwa mtu aliyebeba mzigo kichwani, ngoja autue.

Nisije nikaonekana nauza kamera za dijitali. Yangu ni ndogo, lenzi inajitokeza na kurudi ndani kila ukiwasha na kuzima, na kila inaporudi inavuta vumbi. Agosti na Septemba, upepo ukichezea barabara za mtaa wa Soweto hapa Mbeya, picha zangu zinakuwa na madoa kama tetekuwanga. Betri inaisha kabla ya saa sita, na siku umeme ukikatika usiku kucha asubuhi natoka na chuma tupu mfukoni, wakati ile K1000 haijali: betri yake ni ya kipima mwanga tu, shata ni ya springi na magurudumu. Halafu huu wingi. Jioni moja nikarudi kutoka mnada na picha 600, kati yake nzuri mbili, na nilichukua siku tatu kuzitafuta hizo mbili.

Wengine watasema simu inatosha. Inatosha, kwa kweli, na nawaambia wanaoanza waanze nayo. Kasoro yake sokoni ni moja: ukiinua simu, watu wanadhani unapiga video, na mtu anayedhani anapigwa video anaanza kuigiza.

Kitu kimoja nimekichukua kutoka kwenye boksi la baba mdogo. Nachapisha. Kila mwisho wa mwezi nachagua picha kumi na mbili au kumi na tano, nazipeleka studio, kisha Jumamosi nazirudisha sokoni kwenye bahasha. Hapo ndipo naona kazi yangu ikipimwa kwa haki: kuna aliyeipokea na kuibusu, kuna aliyeniuliza kwa nini nimempiga siku aliyovaa hovyo, na fundi viatu mmoja aliyenirudishia akisema huyu siyo yeye. Diski zangu zikifa, na zitakufa, hizo bahasha zitakuwa zimeshatawanyika nyumba hamsini za Mbeya.

Mama wa viazi nilimpiga upya mwezi wa tano, kwa dijitali. Safari hii nilipiga moja, nikamgeuzia kioo kabla hajanyoosha mkono. Akaisogeza kamera mbali na macho, kama watu wazima wanavyoshika simu, akaitazama muda mrefu. Wale wauza nyanya nao wakaja kuinamia. Nikasubiri, nikidhani nitasikia ndaga fijo yangu, asante sana ya Kinyakyusa.

"Umenikata kilemba," akasema. "Rudia."