Saa ya Kufunga Hesabu
Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Mombasa, tukiwa wafanyakazi watatu na tajiri wetu. Jioni moja, mlango wa chuma ukiwa umeshushwa nusu, hesabu zilipelea shilingi 1,400, na tajiri, ambaye mchana kutwa alikuwa akitutania, akamzaba mwenzangu kofi hapo hapo kaunta. Asubuhi yake fedha zilionekana: mteja aliyechukua mifuko miwili ya saruji alikuwa amezituma kwa M-Pesa kwenye simu ya tajiri mwenyewe. Radhi haikuombwa. Mwenzangu alinunuliwa chai na mahamri, na mambo yakaisha, au tuseme tajiri aliona yameisha.

Ukatili kazini ukitajwa, wengi hufikiria jambazi mwenye panga au mlevi anayekataa kulipa deni. Hao wapo, lakini kwa niliyoyaona, saa ya hatari katika duka dogo ni ya kufunga hesabu, kwa kuwa watu wamechoka, wapita njia hawaoni ndani, na malalamiko yote huishia kwa yuleyule aliyepiga. Sheria nayo inatupita kwa juu: Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamdai sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, na kamati ya usalama, kwa sheria nyingine ya mwaka huohuo, huanzia idadi hiyohiyo. Hata hivyo, Sheria hiyo ya Ajira inaruhusu kukata mshahara wa aliyekabidhiwa fedha kwa mkataba, zikipungua kwa uzembe au udanganyifu wake, mradi makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Upotevu wa kweli, basi, una njia yake, nayo haipiti shavuni mwa mtu.

Ningekuwa na duka, fedha zingehesabiwa na watu wawili mlango ukiwa wazi, ujumbe wa malipo ya simu ungesomwa kwa sauti, wote wawili wangetia sahihi daftarini, na upungufu wowote ungejadiliwa kesho yake, kamwe si usiku ule. Wenye maduka wataniambia huo ni urasimu wa ofisini. Mwenzangu aliacha kazi mwezi uleule, akaweka funguo juu ya kaunta bila neno, na mafundi waliozoea kuhudumiwa naye wakamfuata alikohamia.