Soksi au Mashine: Kuzuia Damu Kuganda Miguuni

Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza kitandani yumo katika hatari ya damu kuganda kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za ndani za miguu, na donge likichomoka na kufika mapafuni laweza kumuua ghafla. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupunguza hatari hiyo, lakini huweza kusababisha kuvuja damu, hata ndani ya ubongo. Ndipo vinapoingia vifaa vya kubana miguu: soksi zinazobana zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri zinavyopanda, na mashine ya mifuko inayojaa hewa na kunywea kwa zamu, ikiisukuma damu kuelekea moyoni kama misuli ya mguu ifanyavyo mtu anapotembea.

Soksi zilivishwa kwa miaka mingi, kwa mazoea zaidi kuliko kwa ushahidi, kwa kuwa ni nafuu na hazihitaji umeme. Utafiti wa CLOTS 1 wa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa wa kiharusi 2,518, uliyatikisa mazoea hayo: madonge katika vena kubwa za juu ya goti yalipatikana kwa asilimia 10.0 ya waliovaa soksi ndefu na asilimia 10.5 ya wasiovaa, huku madhara ya ngozi yakiwapata asilimia 5 ya waliovaa dhidi ya asilimia 1 tu ya wenzao. Mashine ilifanya vizuri zaidi. Katika CLOTS 3 ya mwaka 2013, iliyofanyika Uingereza kwa wagonjwa 2,876, viwango vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliofungwa mashine na 12.1 kwa wengine.

Hata hivyo, ushindi huo una mipaka. Utafiti wa PREVENT wa mwaka 2019 ulifanyika kwa wagonjwa mahututi 2,003 ambao tayari walikuwa wakipewa heparini. Mashine haikuwaongezea kinga ya maana, kwani viwango vya madonge vilikuwa asilimia 3.9 kwa waliofungwa mashine na 4.2 kwa wengine.

Kwa maoni yangu, swali la kwanza kitandani ni kama mgonjwa anaweza kupewa dawa. Akiweza, sioni sababu ya kumfungia mashine kama kawaida. Asipoweza, mashine ina hoja nzito, mradi umeme upo na mifuko inarudishwa miguuni kila baada ya kuogeshwa au kupelekwa eksirei, jambo ambalo wodini husahaulika kwa urahisi. Mwenye ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) za miguu zilizoziba vibaya asivishwe soksi wala mashine.